Kwa Nini Dawa ya Saratani ya Matiti Huacha Kufanya Kazi

Popote ulipo, iwe unasonga ugali jikoni, unachambua mboga au umeketi kando ya mgonjwa wako, vuta kiti tuzungumze.

Leo tunaangalia swali ambalo akina mama hutuuliza kliniki kwa sauti ya chini, wakati wengine wameshatoka nje: "Sista, dawa ilikuwa inafanya kazi. Uvimbe ulipungua hata daktari akafurahi. Mbona sasa umerudi?"

Nyumbani swali hilo hupata majibu mengi. Huyu husema mama amerogwa, yule husema aliuziwa dawa bandia, na mwingine humnyooshea mgonjwa kidole kwamba amekula asichotakiwa kula. Mgonjwa naye hukata tamaa, akaacha kliniki. Hapo ndipo maisha hupotea, kwa kuwa mara nyingi bado kulikuwa na tiba nyingine ya kumpa. Kwa hivyo, mpenzi msikilizaji, jibu la kweli la swali hili lina faida kubwa kwako wewe uliye mgonjwa na kwako wewe unayemtunza.

Tutatumia mfano wa saratani ya matiti. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2020 wanawake wapatao 6,800 hapa Kenya waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu. Ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi nchini.

Tuanze na mwili wenyewe. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo seli, ndogo hata huwezi kuziona kwa macho. Seli njema haijiamulii mambo. Hungoja ujumbe. Mtoto akijikata kidole, seli zilizo karibu na kidonda hupata ujumbe kwamba zigawanyike ili zizibe pengo. Kidonda kikipona, ujumbe mwingine hufika: inatosha, pumzikeni. Na seli iliyozeeka au kuharibika huambiwa ife, nayo hufa.

Ujumbe huo hufikaje? Kila seli ina vipokezi. Kipokezi ni kama mlango wenye kufuli, na homoni au kemikali fulani ya mwili ndiyo ufunguo wake. Ufunguo ukiingia, ujumbe huanza safari ndani ya seli, nao hupokezanwa mkono kwa mkono. Mnajua jinsi tangazo la baraza linavyosafiri: hutoka kwa chifu, likaenda kwa naibu wa chifu, likaenda kwa mzee wa mtaa, hadi likafika mlangoni kwako. Ndani ya seli wabebaji wa tangazo ni protini. Ya kwanza huigusa ya pili, ya pili huiamsha ya tatu, mpaka ujumbe unafika kwenye kiini cha seli. Humo ndimo zilimo jeni, na humo ndimo amri ya kugawanyika hutekelezwa.

Jambo moja ninaomba mlishike vizuri, maana mazungumzo yetu yote yamesimama juu yake. Njia hizi za ujumbe si moja. Ziko nyingi, tena zimeungana kama barabara za mji mkubwa. Njia moja huingia katika nyingine, moja huisaidia nyingine, na moja huweza kuizuia nyingine. Wataalamu huziita kwa jumla mtandao wa mawasiliano ya seli.

Sasa, saratani ni nini? Saratani huanza pale jeni za seli zinapoharibika, na tangazo la "gawanyika, gawanyika" likawa halikomi. Hakuna kidonda cha kuziba, hakuna aliyeita, lakini seli inagawanyika usiku na mchana. Uvimbe hutokea hivyo.

Katika saratani ya matiti, tangazo hilo hupitia milango ambayo inajulikana. Mlango wa kwanza ni kipokezi cha homoni ya estrojeni, homoni ya kike ambayo sote tunayo. Duniani, takriban saratani 7 kati ya kila 10 za matiti huwa na vipokezi vya homoni. Mlango wa pili unaitwa HER2. Hata seli njema huwa na HER2 kiasi, lakini katika saratani 15 hadi 20 kati ya kila 100 za matiti, milango hii huwa imezidi mno. Ni kama nyumba iliyobomolewa kuta zote ikabaki milango mitupu. Kisha kuna saratani isiyo na kipokezi cha estrojeni, wala cha projesteroni, wala HER2 iliyozidi. Hiyo hutegemea zaidi dawa za kemotherapi, zile ambazo wengi huziita kemo.

Wataalamu walianza zamani kuifunga milango hii. Mwaka 1896 daktari George Beatson wa Glasgow, Scotland, alieleza kwamba baadhi ya wanawake wenye saratani ya matiti walipata nafuu walipotolewa ovari, ingawa wakati huo homoni ya estrojeni ilikuwa bado haijatambuliwa. Katika miaka ya 1970 ikaja tembe ya tamoksifeni, ambayo hukaa ndani ya kipokezi cha estrojeni kama kijiti kilichovunjikia kwenye kufuli: ufunguo wenyewe hauingii tena. Mwaka 1998, huko Marekani, iliidhinishwa dawa ya trastuzumabu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Herceptin. Hiyo huushika mlango wa HER2 kutoka nje.

Dawa hizi zimeokoa watu wengi. Kwa saratani yenye kipokezi cha estrojeni iliyogunduliwa mapema, kumeza tamoksifeni kwa miaka 5 hupunguza vifo vya saratani hiyo kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 inayofuata. Hilo si jambo dogo.

Basi mbona kuna wakati dawa hushindwa? Hebu fikirieni matatu iendayo mjini. Dereva akisikia kuna kizuizi cha polisi mbele, huchepuka, akapita njia za panya, na abiria wake bado wakafika. Kizuizi hakijaondolewa. Polisi wako pale pale na kazi yao wanaifanya. Lakini gari limepita kwingine. Seli ya saratani nayo hufanya vivyo hivyo. Hali hiyo tunaiita usugu, na hutokea kwa namna kadhaa. Nitawaeleza nne.

Namna ya kwanza. Uvimbe mmoja una mamilioni ya seli, na zote hazifanani. Huenda tangu siku ya kwanza kulikuwa na seli chache ambazo hazikutegemea mlango ule uliofungwa. Dawa inaua zile nyingi, uvimbe unapungua, na sote tunafurahi. Lakini zile chache zimebaki, nazo zinazaana polepole. Ni kama shamba uliloling'oa magugu laini ukaacha sangari: baada ya mvua, unalokuta ni sangari tupu.

Namna ya pili. Kipokezi chenyewe hubadilika umbo. Jeni inayokitengeneza hupata hitilafu, mlango ukabaki wazi hata bila ufunguo. Hili huonekana hasa kwa wagonjwa ambao wametumia kwa muda mrefu zile dawa zinazopunguza estrojeni mwilini.

Namna ya tatu ni zile njia za panya zenyewe. Mlango wa estrojeni ukifungwa, ujumbe huweza kupitia HER2 au kipokezi kingine kilicho jirani. Na mara nyingi njia hizo hukutana mbele, kwenye njia kuu moja ambayo wataalamu huiita PI3K. Katika saratani zenye kipokezi cha homoni na zisizo na HER2 iliyozidi, takriban 4 kati ya kila 10 huwa na hitilafu katika jeni ya njia hiyo. Hapo ujumbe huanzia katikati ya barabara, bila hata kupitia mlangoni.

Namna ya nne inashangaza kidogo, kwa hivyo nitaieleza kwa chai ya maziwa. Mama anayepika chai hukaa macho. Maziwa yakianza kupanda, hupunguza moto. Ndani ya seli pia kuna mpishi wa namna hiyo. Njia ya ujumbe ikishika kasi, yenyewe hurudisha habari mlangoni: "Punguzeni, ujumbe umetosha." Sasa dawa inapoikata njia ile, inaikata pamoja na ile habari ya kupunguza. Kule mlangoni hakuna anayesema imetosha. Seli inaongeza milango mingine, kwa mfano jirani wa HER2 aitwaye HER3, na ujumbe unaanza kupita upya. Kwa hivyo dawa inafanya kazi yake, nayo seli inajirekebisha.

Mpenzi msikilizaji, pengine unawaza, "Hii si kama malaria ilivyozoea dawa?" Ni kweli kuna kufanana. Wengi mnakumbuka klorokwini. Vimelea vya malaria viliizoea, na mwaka 1998 Kenya ikaiacha kama dawa ya kwanza ya malaria. Lakini kuna tofauti kubwa ambayo kila anayemtunza mgonjwa anapaswa kuijua. Malaria inabebwa na mbu kutoka mtu hadi mtu. Saratani ni seli za mgonjwa mwenyewe. Haiambukizi, na usugu wake hauambukizi. Unaweza kula naye sahani moja, kulala naye kitanda kimoja, na kumwogesha. Usimtenge.

Je, mlango ukipatiwa njia ya kando, ndiyo mwisho? La. Wataalamu wameanza kufunga njia mbili kwa pamoja. Mwaka 2012 iliidhinishwa Marekani dawa ya pertuzumabu, ambayo huizuia HER2 isishikane mikono na jirani yake HER3. Katika utafiti wa kimataifa ulioitwa CLEOPATRA, wanawake waliokuwa na saratani ya HER2 iliyokwisha kusambaa walipewa trastuzumabu na kemo, na kundi moja likaongezewa pertuzumabu. Nusu ya wale walioongezewa waliishi zaidi ya miezi 56. Kwa kundi lile jingine ilikuwa miezi 40 na kitu. Zaidi ya mwaka mmoja wa kukaa na watoto wako. Kuanzia 2015 zimekuja pia tembe kama palbosiklibu, zinazofunga geti ambalo seli hulipitia kabla ya kugawanyika, na hutolewa pamoja na dawa za homoni.

Sitawaficha: baadhi ya dawa hizi mpya ni ghali, na hazipatikani katika kila hospitali yetu. Lakini hata pale zisipopatikana, daktari huweza kubadilisha dawa ya homoni au kutumia kemo. Ndiyo maana mgonjwa hapaswi kukaa nyumbani akifikiri mlango wa tiba umefungwa.

Sasa tuje kwenye yale unayoweza kufanya wewe.

Kwanza, jua aina ya saratani. Kipande kidogo cha uvimbe kinapochukuliwa na kupelekwa maabara, uliza: "Je, kimepimwa kipokezi cha estrojeni, cha projesteroni na HER2?" Dawa ya kufunga mlango haina faida kwa seli isiyo na mlango huo. Ukipewa ripoti, itoe nakala na uihifadhi pamoja na kitambulisho na kadi ya kliniki ya mtoto. Utaihitaji tena.

Pili, meza dawa kila siku kama ulivyoagizwa. Tamoksifeni humezwa kila siku kwa miaka 5, na kuna wanaoambiwa waendelee zaidi. Wengi huacha katikati kwa sababu wanajisikia wazima, au kwa sababu joto huwapanda usiku wakalowa jasho. Mama, ukiruka siku, unaondoa kizuizi barabarani na magari yanapita. Funga tembe na jambo ambalo hulisahau, kama chai ya asubuhi au kupiga mswaki. Joto likikusumbua, tuambie kliniki. Kuna njia za kulipunguza.

Dalili nyingine haifai kungojea tarehe ya kliniki. Ukitokwa na damu ukeni wakati hedhi ilishakoma, au mguu mmoja ukavimba na kuuma, au pumzi ikakukata ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na wewe ambaye bado unapata hedhi, usishike mimba wakati unatumia tamoksifeni, kwani huweza kumdhuru mtoto. Tumia kondomu au koili ya shaba, si njia ya uzazi wa mpango yenye homoni. Usinyonyeshe pia wakati unaitumia.

Tatu, anayedungwa trastuzumabu kwa saratani iliyogunduliwa mapema kwa kawaida hudungwa kila baada ya wiki 3 kwa muda wa mwaka mmoja, na moyo wake hupimwa kabla na katikati ya tiba. Usikose tarehe. Nauli au malipo yakikushinda, usinyamaze ukapotea. Mwone afisa wa ustawi wa jamii pale hospitalini, na uulizie yale ambayo Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, inaweza kukulipia. Akina mama huwa tunaona aibu kusema hatuna. Katika jambo hili aibu inaua.

Nne, tueleze kila kitu unachokunywa. Sikukatazi kuwasikiliza wazee. Lakini tamoksifeni hupitia kwenye ini, na huko ndiko hugeuzwa kuwa na nguvu. Baadhi ya dawa za msongo wa mawazo, kama paroksetini na fluoksetini, huliziba ini lisifanye kazi hiyo. Na kuna mitishamba inayoweza kubadilisha jinsi ini linavyoshughulika na dawa. Beba chupa au majani yenyewe uje nayo kliniki. Hatutakugombeza.

Tano, rudi mapema. Ukihisi kivimbe kipya titini, kwapani au kwenye kovu la upasuaji, maumivu ya mifupa yasiyoisha, kikohozi kisichokoma, manjano machoni, au kichwa kinachouma kila siku kwa namna usiyoizoea, usingoje tarehe. Na saratani ikirudi, muulize daktari kama inawezekana kupima tena kile kivimbe kipya. Vipokezi huweza kubadilika. Uvimbe uliokuwa na mlango wa estrojeni mwanzoni huenda sasa hauna, au umepata HER2. Dawa huchaguliwa kwa mlango uliopo leo, si ule wa miaka mitatu iliyopita.

Na mwisho, maneno yangu kwako wewe mlezi: binti unayemtunza mama, mkwe unayemtunza mavyaa, baba unayemtunza mke. Kuna watu wanaomeza dawa kila siku bila kuruka hata moja, na bado seli zikapata njia ya kando. Usugu si adhabu, si uchawi, wala si ushahidi kwamba mgonjwa alifanya uzembe. Usimuulize, "Ulikula nini?" Muulize, "Kesho tutoke saa ngapi kwenda kliniki?" Mkumbushe tembe, mshikie ripoti, ingia naye kwa daktari mkisikilize pamoja, kwa kuwa aliyeshtuka husahau nusu ya anayoambiwa.

Tukumbushane kwa ufupi. Seli ya saratani huishi kwa ujumbe. Dawa hufunga njia ya ujumbe. Seli huweza kutafuta njia ya panya, ndiyo maana dawa iliyofaa jana huenda isifae leo. Kwa hivyo jua aina ya saratani, meza dawa bila kuruka, sema kila unachotumia, rudi mapema ukiona mabadiliko, na uombe kupimwa tena. Dawa moja ikikwama, hiyo ni sababu ya kurudi kliniki, wala si sababu ya kubaki nyumbani.

Kama una swali, mwulize mhudumu wa afya ya jamii anayezuru mtaa wenu, au ufike katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.